Nyongeza ya Mama Mkwe

Samaki walipoanza kupotea kiwandani, aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Mama Mkwe. Alisimama mwisho wa meza na mabuti yake meupe, kofia ya plastiki imemshuka mpaka kwenye nyusi, akasema mwizi huyo akipatikana avuliwe mabuti mbele ya watu atembee peku mpaka kwao. Meza nzima ikaitikia. Kuvuliwa mabuti ilikuwa adhabu nzito kuliko kupelekwa polisi, kwa maana tangu kiwanda kifunguliwe hapakuwa na kitu wanawake walichokionea fahari kama yale mabuti. Waliyavaa dukani, waliyavaa wakienda kumjulia hali mgonjwa, na yupo mmoja aliyekutwa ameyavaa anaanika nguo uani kwake, mchana wa jua kali, siku yake ya mapumziko.

Mkuu wa Meza naye aliitikia, ila kwa sauti ya mtu mwenye homa. Mwanamke huyu alikuwa mke wa mwana wa Mama Mkwe, na ndiye aliyepewa dhamana ya meza ya minofu. Samaki wakiingia wapimwe, waparuliwe magamba, wapasuliwe, minofu ikatwe, ipimwe tena, ifungwe kwenye pakiti za nusu kilo, iende chumba cha baridi. Kikipungua chochote katikati hapo, anayeulizwa ni yeye. Na kilichokuwa kinapungua ni vipande vya mikia, vile vidogo vitamu vilivyokusanywa kwenye beseni la pembeni vifungwe kivyake kwenye pakiti za mikia. Asubuhi beseni lilijaa pomoni. Jioni lilibaki na maji na magamba matatu manne yanaelea.

Kiwanda chenyewe hakikuwa cha tajiri yeyote. Kilikuwa cha ushirika, cha hao hao wanawake waliokuwa wakikaa ufukweni wakifukuza nzi huku wachuuzi wa mjini wakisubiri jua lipande, samaki walegee, bei iporomoke. Sasa samaki aliingia asubuhi akiwa samaki, akatoka akiwa pakiti yenye picha. Picha hiyo ilikuwa ya samaki anayecheka, na hata waliochekwa naye walimpenda. Siku hizo wanawake walikuwa na furaha iliyokaribia wazimu. Walicheka wakivaa makoti, walicheka wakinawa mikono, walimcheka yule ambaye kofia ya nywele ilimfanya afanane na kitunguu, kisha wakajitazama kwenye kioo cha mlangoni wakagundua wote ni vitunguu.

Ndiyo maana habari ya wizi iliwauma. Meneja alimwita Mkuu wa Meza ofisini kwake, kona ya stoo yenye kiti kimoja, akamkaribisha akae yeye na akasimama mwenyewe. Meneja alikuwa kijana wa palepale, mpole, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila anapokabiliwa na jambo gumu, na siku hiyo aliipangusa mpaka ikatoka na ukungu zaidi. Alisema lori la oda ya kwanza linakuja Ijumaa. Mteja akiridhika atachukua mzigo kila wiki, meza ya pili itafunguliwa, na wale wanaoshinda nje ya geti wakiulizia kazi wataingia. Asiporidhika watarudi kwa wachuuzi na nzi wao.

"Hesabu zinasema mikia inatembea," alisema. "Mimi sikushuku, dada yangu. Lakini kamati imeamua lori likikuta mambo hayajakaa sawa, mkuu wa meza abadilishwe. Na mwizi aondoke."

Mkuu wa Meza alirudi mezani kwake. Aliipenda kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya watu. Aliipenda harufu ya sabuni ya meza, alipenda mlio wa visu vikinolewa asubuhi, na zaidi ya yote alipenda kuitwa Mkuu na watu ambao mwaka jana walikuwa wanamwita "wewe, mke wa nani vile".

Jioni hiyo wakaanza kupekuliwa getini. Mlinzi, ambaye kazi yake mpaka hapo ilikuwa kusinzia kwa zamu, alijikuta na madaraka makubwa na hayakumkaa vizuri. Alifungua vikapu kwa ncha ya fimbo, uso kaukunja, wanawake wamepanga foleni, wengine wanacheka kwa aibu, wengine wamenuna. Wanafahamiana wote, ndiyo iliyokuwa shida. Mlinzi alilazimika kupekua chakula cha shangazi yake na dawa za mama wa rafiki yake.

Ikafika zamu ya Mama Mkwe. Huyu alianza kuuza samaki ufukweni Mlinzi akiwa bado anatambaa, na jina lake la biashara lilikuwa Mama Mapande, kwa ukubwa wa vipande alivyokuwa anawakatia wateja. Hakusubiri fimbo. Alikipindua kikapu chake chote mchangani: kitambaa, chupa ya maji, kipande cha mkate alichobakiza mchana, na meno yake mawili ya bandia yaliyofungwa kwenye leso.

"Pasua mkate," alimwambia Mlinzi. "Isije ikasemwa nimeficha mkia ndani."

Mlinzi akasema hakuna haja. Mama Mkwe akasema haja ipo, yeye hataki kushukiwa nusu, ama ashukiwe mzima ama asafishwe mzima. Mkate ukapasuliwa. Foleni ikavunjika mbavu, na hata Mlinzi akajisahau akacheka. Lakini Mkuu wa Meza alipomwona mama mkwe wake ameinama anayaokota meno na kuyapuliza mchanga, kicheko kilimkauka mdomoni. Aliona ni kosa lake. Mkuu wa meza hodari angekuwa ameshamkamata mwizi, na mwanamke wa umri ule asingepekuliwa.

Nyuma ya Mama Mkwe alikuwa Redio. Kiwanda kizima kilimwita hivyo kwa sababu alianza matangazo alfajiri, akisimulia nani kaoa, nani kaachwa na nani anakaribia, na hakuwa na kituo cha kupumzika. Sasa tangu juzi Redio alikuwa kimya. Alikata minofu yake kimya, akala kimya, akajibu salamu kwa kichwa. Tena mtu mmoja akakumbuka kwamba dirishani kwake pameonekana pazia jipya. Mlinzi alipekua kikapu chake mara mbili, hakukuta kitu, lakini foleni ilikuwa imeshanyamaza kwa namna ambayo hata Redio aliisikia. Aliondoka ameinamisha kichwa, kashika shavu.

*

Nyumba ya Mama Mkwe ilitoa wafanyakazi watatu, na majirani walisema imebaki kuwekewa geti tu iwe tawi la kiwanda. Mume wa Mkuu wa Meza zamani alikuwa fundi wa nyavu. Siku hizi alivunja barafu kiwandani kwa sepetu, watu wakamwita Barafu, naye akaitikia. Wenzake walipojaribu kumtania kwamba anaongozwa na mkewe, aliwajibu kwamba yeye aliongozwa tangu siku ya ndoa, tofauti ni kwamba sasa analipwa.

Mezani jioni hiyo Mama Mkwe hakuwa na mada nyingine ila mwizi. Alisema Redio amemkatisha tamaa, mtu aliyemfahamu tangu binti. Alisema kuiba samaki wa ushirika ni kumwibia kila mmoja aliyeketi pale mezani, ni kuingiza mkono kwenye sahani ya mwenzako. Mkuu wa Meza aliitikia, "Ndiyo, Mama," akamwongezea mchuzi.

Katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kumkosoa Mama Mkwe. Siku moja alitia sukari kwenye maharage akidhani ni chumvi. Barafu alimeza mate akakodoa macho, lakini mkewe alikula akamaliza, akaomba aongezewe. Mama Mkwe mwenyewe, aliyekuwa hali maharage jioni hiyo kwa sababu ya tumbo, hajui mpaka leo.

Mama Mkwe alipoinuka kwenda kunawa, Barafu alimsogelea mkewe. "Wakikuvua ukuu utarudi kuwa mke wangu tu," alisema. "Na mimi nimeshazoea kuishi na kiongozi." Alisema kwa utani, lakini alimshika mkono chini ya meza, na mkewe akajua kwamba naye ana hofu.

*

Alhamisi Mkuu wa Meza aliingia chumba cha baridi kutafuta pakiti iliyofungwa vibaya. Akaikuta, mdomo wake umeachia. Akaiweka kwenye mizani ya mle ndani aipime kabla ya kuirudisha kufungwa. Sindano ikafika nusu kilo, ikapita, ikasimama mbele kama mtu aliyepitiliza nyumba yake. Akagonga mizani kwa kiganja. Akapima pakiti ya pili, ikapitiliza. Akapima nyingine na nyingine, za rafu ya juu, za rafu ya chini, za jana na za juzi, mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna hata moja iliyosimama penye nusu kilo, na kwenye ile iliyoachia mdomo kipande cha mkia kililala juu ya minofu.

Akaanza kucheka. Alicheka peke yake mle ndani, mvuke unamtoka mdomoni, akakaa juu ya kreti akajishika mbavu. Hapakuwa na mwizi. Mikia yote ilikuwamo humo humo, imelala kwenye pakiti zake chini ya samaki anayecheka, hakuna hata mmoja uliovuka geti. Alishafika mlangoni akimbilie kwa Meneja na hiyo habari njema, ndipo akakumbuka ni nani anayefunga pakiti.

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa na kidirisha. Alikipangusa akachungulia. Mama Mkwe alikuwa ameketi mwisho wa meza, penye mashine ya kufungia, anapiga soga na jirani yake. Pakiti ikatoka kwenye mizani iko sawasawa, ikamfikia. Mkono wa kushoto ukaipokea. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe mpaka kwenye beseni, ukachagua kipande cha mkia, ukakilaza juu ya minofu. Hakuangalia wala hakukatiza soga. Ila kabla ya kufunga aliiinamia pakiti, akaiambia maneno aliyowaambia wateja wake maisha yake yote akiwaongezea kipande cha bure, "Na hiki cha kwako, mwanangu." Mashine ikafunga.

Mkuu wa Meza alibaki pale mpaka baridi ikampanda magotini. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakupata nafasi ya kufanya lolote kwa sababu pakiti nyingine ilikuwa imeshafika.

Meneja alipoambiwa, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha ghafla.

"Basi aambiwe aache," alisema.

"Aambiwe," Mkuu wa Meza akakubali.

Wakatazamana. Meneja akaanza kupangusa miwani. Alieleza kwamba mama yule ndiye aliyekuwa akimpa samaki enzi zake za shule, wa kununua na wa juu, na mdomo uliokula nyongeza ya mtu miaka yote ile hauwezi leo kumwambia nyongeza ni kosa. Akaongeza kwamba kwa utaratibu wa kazi suala la meza ni la mkuu wa meza. Akasema anakwenda kuangalia bomba la maji, na akaenda kweli, ingawa bomba halikuwa na tatizo.

Mkuu wa Meza akamfuata mumewe kwenye barafu. Akamwambia yule ni mama yake, ndiye aliyemzaa, akazungumze naye. Barafu aliegemea sepetu.

"Mimi mpaka leo nikipiga chafya mbele yake naomba radhi," alisema. "Hebu lifiche beseni kwanza."

Beseni likafichwa chini ya meza ya visu. Mama Mkwe akanyanyuka, akauliza ni nani asiyejua mahali pa vitu, akalitafuta, akalirudisha. Mkuu wa Meza akajaribu njia ya mzunguko. Aligonga meza kwa mpini wa kisu, akawatangazia wote kwamba pakiti ikishatoka kwenye mizani hairuhusiwi kuguswa, kisiongezwe kitu wala kisipunguzwe. Mama Mkwe alidakia kabla hajamaliza. "Mmesikia? Msiguse. Mkuu kashasema." Na mkono wake wa kulia ukaenda kwenye beseni.

Hapo ndipo Mkuu wa Meza alipoelewa kwamba Mama Mkwe hana habari. Kwake kipande cha juu hakikuwa kuongeza. Kilikuwa adabu, kama kumwambia mteja karibu tena, na hakuna mtu anayepima karibu tena kwenye mizani. Ingebidi aambiwe waziwazi, uso kwa uso, na jina la kitu litajwe. Aliingoja nafasi mchana kutwa, akaingoja jioni nyumbani akichambua mboga naye bega kwa bega, na kila alipofungua mdomo ilimtoka "Ndiyo, Mama" ambayo hakuna aliyeiuliza.

*

Ijumaa lori likafika mapema kuliko lilivyoahidiwa. Dereva, mtu mnene aliyevaa mto shingoni, alisema ana safari ndefu na hataki maneno. Mwenyekiti wa ushirika naye akafika, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele, na yeye alikuwa na maneno. Alisema kabla hakijapakiwa kitu suala la wizi limalizwe, kwa sababu kiwanda kinaanza safari na hakitaanza na mwizi ndani. Meneja akafungua mdomo, akamtazama Mama Mkwe, akaufunga.

Macho ya watu yakaenda kwa Redio. Hakuna aliyemtaja, lakini alijikuta amesimama peke yake katikati ya sakafu, wenzake wamesogea. Mwenyekiti akamuuliza ana la kusema. Redio akatikisa kichwa. Akaulizwa mbona haongei, yeye ambaye huongea hata akinywa maji. Akaonyesha shavu kwa kidole. Shavu lilikuwa limevimba kweli, na mtu mmoja wa nyuma akauliza kama ameficha mkia mdomoni, watu wakaangua kicheko, naye machozi yakamtoka.

"Avue mabuti," alisema Mama Mkwe kutoka mwisho wa meza. Alisema kwa huzuni, kama mtu anayetimiza wajibu.

Redio akainama akashika buti la kulia. Mkuu wa Meza alimwona akilivuta, akaona soksi yake iliyotoboka kisigino, na kitu ndani yake kikakataa. Alitembea mpaka mwisho wa meza.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Mama Mkwe akageuka. "Marahaba. Si umeshaniamkia asubuhi nyumbani?"

"Nimekuamkia tena kwa sababu ninalotaka kusema ni zito." Akalitazama beseni. "Mama, acha kuweka nyongeza."

Barafu, aliyekuwa anaingia na ndoo, alisimama mlangoni mguu mmoja juu. Mama Mkwe alimtazama mke wa mwanawe kama mtu aliyeambiwa aache kupumua.

"Nyongeza gani?"

"Unapofunga pakiti, unaweka mkia juu. Kila pakiti. Nimezipima."

Mama Mkwe akautazama mkono wake wa kulia. Mkono ulikuwa umeshika kipande cha mkia. Hakukiweka chini wala hakukikana. "Sasa mteja ataniona mtu wa namna gani?" aliuliza.

"Mteja hakuoni, Mama. Yuko mbali."

"Ndiyo maana namwekea. Anayeniona nimwekee, nisiyemwona nimpunje?"

Lilikuwa neno zuri, na kwa muda Mkuu wa Meza alitamani dunia iwe inaendeshwa na mama mkwe wake. Lakini Redio alikuwa bado ameinama na buti moja mkononi.

"Kule ufukweni ulikuwa unatoa samaki wako," alisema. "Hapa unatoa wa Redio. Unatoa wangu, wa mwanao, wa Mlinzi. Wenyewe hawakukutuma. Na kwa ajili ya hiyo mikia mwenzetu anavuliwa mabuti."

Uso wa Mama Mkwe ukapitia mambo mengi, na wote waliyaona yakipita. Kisha akasema, taratibu, "Kwa hiyo mwizi ni mimi."

Mama Mkwe akakirudisha kipande kwenye beseni, akaketi, akashika buti lake la kulia akaanza kulivuta. Alikuwa amesema mwizi avuliwe mabuti, na hakuwa mtu wa kusema lake na kufanya la mwingine. Buti likagoma. Miguu ilikuwa imevimba kwa kusimama. Akavuta, akavuta, akamwita mwanawe aje amsaidie. Barafu akaweka ndoo chini, akapiga magoti, akashika buti la mama yake, akamtazama mkewe, hajui avute au asukume.

"Vaa mabuti, Mama," alisema Mkuu wa Meza.

"Niache niende. Nimesema mwenyewe."

"Ruhusa ya kuondoka mezani natoa mimi. Sijaitoa. Una pakiti za kufungua."

Alipojisikia akisema hayo, masikio yalimwaka moto. Alingoja dari ianguke. Mwenyekiti mwenyewe, na sauti yake ya kengele, alikuwa ametazama chini. Mama Mkwe alimwangalia kutoka kwenye kofia mpaka kwenye mabuti, polepole, kama anayemwona kwa mara ya kwanza tangu aletwe nyumbani. Kisha akamsukuma mwanawe pembeni kwa goti, akaukandamiza mguu ndani ya buti.

"Haya, Mkuu," alisema.

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Mtu mmoja alicheka kwa mshtuko, wa pili akamfuata, na kicheko kikatembea meza nzima mpaka kwa dereva, ambaye hakujua kinachochekwa lakini alicheka.

Pakiti zote zikatolewa. Ilibidi kila moja ikatwe mdomo, kipande cha juu kibanduliwe kwa ncha ya kisu, minofu ipimwe, ifungwe tena, kabla haijaanza kuyeyuka. Barafu alimwaga barafu mezani kama mtu anayelisha kuku. Meneja alivua koti la ofisini akapewa la kiwandani, na kofia ya kitunguu juu ya miwani. Mwenyekiti alipewa kisu. Mlinzi aliliacha geti wazi akaja kubeba makreti, na waliokuwa wakishinda nje wakiulizia kazi wakachungulia, wakaambiwa wanawe mikono waingie. Dereva alilala chini ya lori na mto wake, akiamka mara kwa mara kuuliza kama wamemaliza, na kila alipouliza walimjibu wote kwa pamoja kwamba bado.

Mama Mkwe alikuwa ameshamwomba Redio radhi mbele ya watu, bila kuzungusha maneno, akamchanganyia maji ya moto na chumvi asukutue. Kisha akarudi kwenye mashine yake. Taabu ilikuwa ule mkono. Pakiti ikija, mkono wa kulia unaondoka kwenda kwenye beseni, na wanawake wanaupigia kelele, nao unarudi. Mwishowe aliukalia. Akafunga pakiti kwa mkono wa kushoto, mwingine kaukandamiza chini ya paja, na Redio alipomwona hivyo kicheko kilimshinda, akacheka mdomo wazi, na jino lililokuwa likimtesa likamtoka likaangukia kwenye barafu. Walilitafuta wote kwa hofu lisije likaingia kwenye pakiti. Lilipopatikana, matangazo yakarudi hewani, na Redio alisimulia ya siku zote alizokosa, pamoja na bei ya pazia na duka alikolinunua.

Alasiri mzigo ukatimia. Minofu ilitosha, pakiti za mikia zilitosha na beseni likabaki na ziada. Mwenyekiti alipima pakiti alizochagua mwenyewe, sindano ikasimama penye nusu kilo kila mara. Akamwambia Mkuu wa Meza kwamba wakutane Jumatatu wapange watu wa meza ya pili. Alisema hivyo tu, akaenda kunawa. Mkuu wa Meza alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili kwa sababu furaha ilikuwa inataka kumwangusha.

Alipoinua kichwa, Mama Mkwe alikuwa amesimama mbele ya mizani, kama mnunuzi. Ametoa fedha yake kwenye leso ya meno.

"Nipimie kilo ya mikia," alisema. "Ya kununua."

Mkuu wa Meza akapima. Akaweka, akapunguza kipande, akarudisha kidogo zaidi, mpaka sindano ikasimama penye kilo kamili. Mama Mkwe hakuondoka. Alisimama pale anaitazama mizani, kisha akamtazama mpimaji, kisha mizani, jinsi wateja wake wote walivyokuwa wakisimama ufukweni wakingoja kile cha juu. Meza nzima ilikuwa imeacha kazi. Barafu alijifunika uso kwa kofia.

Mkuu wa Meza alifunga mdomo wa mfuko, akakaza fundo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Karibu tena, Mama," alisema.

Mama Mkwe aliupokea mfuko, akaupima kwa kiganja, na uso wake ukafunguka kwa kicheko ambacho hakuwa nacho tangu asubuhi. Alitoka na mabuti yake mpaka kwenye lori, injini ikiwa imeshawashwa, akagonga mlango wa dereva, akampitishia mfuko dirishani.

"Huu ni wangu, nimeununua," alimwambia. "Wape huko, waambie ni nyongeza. Lakini ya kiwandani wasiitegemee. Pale penye mizani yupo mkwe wangu, ana mkono wa birika, hajapata kutokea."